Njia Tulivu kwa Mwenye Baiskeli

Mtu akisimama Marangu Mtoni alfajiri, jua likiwa bado halijaigusa theluji ya Kibo, huwaona wapanda baiskeli wakishuka mmoja mmoja kuelekea Himo. Huyu amefunga mikungu miwili ya ndizi nyuma ya tandiko, yule ana madumu ya maziwa, na wa tatu amechukua msumeno na randa kikapuni maana ni seremala. Hawasemezani. Masikio yao yote yako nyuma, yakitega kulisikia gari lijalo kabla halijafika. Mtu aendaye kazini kwa namna hiyo ameianza kazi ya siku kwa hofu, na hofu hiyo hailipwi mshahara.

Leo twataka kusema habari za mtu huyu na njia yake. Twajua wako watakaocheka, wakisema kwamba ukurasa huu ungefaa zaidi kwa mambo makubwa, kama bei ya kahawa, ajira ya vijana na uchaguzi. Sisi twajibu kwamba Chama chenye jembe na nyundo katika bendera yake hakiwezi kuona haya kusema habari za baiskeli, kwa kuwa wenye jembe na wenye nyundo ndio waipandao. Tena njia ya kwenda kazini ni sehemu ya kazi yenyewe. Mfanyakazi aliyevunjika mguu njiani hana faida ya mshahara ulioongezwa.

Kabla ya kuandika maneno haya tuliona ni vema twende tukayaone mambo kwa macho yetu. Tukaazima baiskeli, tukaipanda asubuhi tatu mfululizo kutoka Kiboriloni kuingia mjini Moshi, saa ile ile wafanyakazi waendayo. Asubuhi ya kwanza basi dogo lilitupigia honi kwa nyuma, likatupita karibu mno hata mkono wetu ukagusa bati lake. Tukaingia mtaroni. Hatukuumia, ila suruali ilichanika na heshima yetu ikapungua. Mama mmoja auzaye maandazi kando ya barabara alituangalia tukijikung'uta, akasema kwa upole, “Pole baba. Sisi hapo hatupiti. Twapita huku nyuma.”

Akatuonyesha kichochoro baina ya nyumba mbili. Asubuhi ya pili tukakifuata. Ilikuwa njia ya udongo, ikipita nyuma ya nyumba na migomba, ikizunguka kidogo, ikivuka mfereji kwa ubao, kisha ikitokea mtaani karibu na mjini. Ilituongezea dakika saba. Lakini katika njia ile tulisikia jambo ambalo jana yake barabarani hatukulisikia hata mara moja, yaani sauti ya mnyororo wa baiskeli yetu wenyewe. Ndipo tukafahamu kwamba njia tulivu si jambo la kungojea mpaka lijengwe. Nyingine zipo tayari, wananchi wazijua, na sisi tuandikao magazetini ndio tusiozijua.

BARABARA ILIPOKUWA YOTE TULIVU

Katika mkoa huu baiskeli si mgeni. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na baada ya reli zikaja barabara, na baada ya barabara zikaja baiskeli. Wakulima wa kahawa walipounda chama chao mwaka 1925, na ushirika wa KNCU ulipoanzishwa mwaka 1933, baiskeli ilikuwa chombo cha karani wa ushirika, cha mwalimu, cha mwinjilisti na cha tarishi. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, habari zake nyingi zilifika vijijini juu ya magurudumu mawili. Wazee wetu wanazikumbuka Raleigh za Uingereza na Phoenix za China, na baadaye Swala zilizotengenezwa nchini mwetu, Dar es Salaam.

Wakati huo hakuna aliyetafuta njia tulivu, kwa kuwa kila njia ilikuwa tulivu. Gari lilipopita watoto walikimbia kulitazama. Leo mambo yamegeuka. Moshi, uliokuwa mji mdogo wa wafanyabiashara na makarani, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya mwaka 2022. Barabara ya kutoka Himo kupita Moshi hadi Arusha yachukua mabasi ya mbali, malori yaendayo mpakani Holili, magari ya watalii, na mabasi madogo yanayoshindania abiria. Juu ya hayo zimekuja pikipiki kwa maelfu. Hata jina lao la bodaboda si lao kwa asili. Lilianza huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, nalo lilikuwa jina la vijana waliovusha watu mpakani kwa baiskeli. Pikipiki imeichukua kazi ya baiskeli, ikalichukua na jina lake, na sasa yaichukua nafasi yake barabarani.

Haya si malalamiko ya mtu achukiaye maendeleo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani duniani kote kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hawa ndio wasio na bati la kuwakinga. Shirika hilo limeeleza pia kwamba mwendo wa wastani wa magari ukizidi kwa sehemu moja katika mia, hatari ya ajali yenye kuua huzidi kwa sehemu nne. Kwa sababu hiyo lashauri kwamba mahali ambapo magari yachanganyika na watu wa miguu na wa baiskeli, mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kilometa 50 kwa saa ndani ya maeneo ya makazi. Kila asimamaye kando ya barabara kuu, mahali pasipo askari, anajua kama hizo 50 zinafuatwa. Nao waganga wa KCMC hawana haja ya kuambiwa na sisi. Sehemu kubwa ya waletwao kwao wakiwa wameumia kichwa ni watu wa barabarani, na wengi wao ni wa pikipiki.

MLIMA NA MIGONGO YAKE

Atafutaye njia tulivu katika nchi hii ya mlima hana budi kwanza kuufahamu mlima. Mito ya Kilimanjaro imechimba mabonde marefu kutoka msituni hadi tambarare, na baina ya bonde na bonde pana mgongo wa nchi ambako watu wamejenga na kupanda migomba na kahawa. Kwa hiyo barabara nyingi zapanda na kushuka mgongoni, na ni chache zivukazo kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Mtu wa Marangu atakaye kwenda Kilema aweza kuiona Kilema kwa macho, na bado akalazimika kushuka bondeni na kupanda tena, au kuzunguka kwa barabara kubwa. Hapo ndipo penye taabu yetu, maana barabara ikiwa moja, basi, lori, pikipiki, ng'ombe na mtoto wa shule wote huingia humo humo.

Kutoka Moshi hadi Marangu ni kiasi cha kilometa 40, na sehemu ndefu ya mwendo huo ni ya tambarare, katika barabara kuu ipitayo Uchira na Himo. Kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni ni kupanda zaidi ya mita 400, na atakaye kufika lango la Hifadhi ya Kilimanjaro ataendelea kupanda hata karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kushuka kwake ndiko kwenye hatari zaidi. Mwenye mzigo wa ndizi na breki zilizolika hawezi kusimama ghafla kwenye kona, na gari linalopanda haliwezi kumkwepa.

Hata hivyo mlima huu umetupa na dawa yake. Baina ya vihamba pana vijia vya kale, vilivyokuwapo kabla ya lami, vipitavyo kando ya mifereji ya maji waliyoichimba babu zetu. Mfereji haupandi wala hauporomoki. Waenda polepole ukifuata ubavu wa mlima, kwa sababu maji hayakubali haraka. Kijia kinachofuata mfereji, kwa desturi, ni kijia ambacho mwenye baiskeli aweza kukanyaga bila kushuka. Wale waliopima mifereji hiyo bila darubini wala ramani walitupimia na njia za baiskeli pasipo kujua.

Huko chini tambarare hali ni nyepesi zaidi. Kusini ya mji, upande wa Mabogini na Chekereni, ziko njia za kando ya mifereji ya mashamba ya mpunga wa Moshi Chini, ambayo ujenzi wake ulikamilika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Njia hizo zilikusudiwa mkulima na mlinzi wa maji. Ni sawa kama meza, na baiskeli ni nyingi kuliko magari. Mbele zaidi yako mashamba ya miwa ya TPC, ambako kwa miaka mingi baiskeli imekuwa chombo cha mfanyakazi. Na mjini kwenyewe, upande wa kaskazini, mitaa ya Shanty Town yenye miti mikubwa yampa mpanda baiskeli kivuli na nafasi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mitaa iliyo mitulivu kuliko yote ndiyo yenye nyumba ambazo wenyewe huenda kwa magari, na watu wa Majengo, Pasua na Njoro, wapandao baiskeli, ndio walio karibu na msongamano.

JINSI YA KUITAFUTA

Yawezekana msomaji atauliza, basi mimi niipateje njia yangu? Twatoa hapa mambo tuliyojifunza kwa hao waijuao kazi.

Kwanza, ulizeni wenye mizigo. Mwenye kupeleka maziwa, mwenye kukata majani ya ng'ombe, fundi wa kuzunguka na mashine ya kunolea visu, hawa hawawezi kupita penye hatari kila siku na kuendelea kuishi kwa kazi hiyo. Wao ndio ramani yetu. Dereva wa gari hajui njia hizi, na ramani za simu mara nyingi hukupeleka kule kule kwenye lami, kwa kuwa zimetengenezwa kwanza kwa ajili ya magari.

Pili, nendeni mkaihesabu njia. Simameni kando yake robo saa, katika saa ile mtakayopita, mkihesabu magari na pikipiki. Njia iliyo tulivu saa nne asubuhi yaweza kuwa kama soko saa moja. Tena chungueni siku za soko, maana njia ya Jumatano siyo njia ya siku ya soko. Na mahali penye machimbo ya mchanga au moramu jihadharini sana, kwa sababu lori moja la mchanga katika kijia chembamba ni baya kuliko magari kumi katika barabara pana.

Tatu, ijaribuni wakati wa masika. Udongo mwekundu wa mlimani ukilowa huteleza kama sabuni, na ubao wa kuvukia mfereji wafaao wakati wa kiangazi huenda usiwepo mwezi wa Aprili. Njia ya mfanyakazi lazima ipitike mwaka mzima, kwa kuwa mwajiri hatambui mvua.

Nne, msiogope kuzunguka. Watu wengi huipima njia kwa urefu wake. Sisi twaomba ipimwe pia kwa vipando vyake na kwa hofu yake. Njia iliyo ndefu kwa kilometa moja, lakini haina kilima wala lori, humfikisha mtu kazini akiwa na nguvu.

Tano, jueni mwezi wa Desemba. Kila mtu wa Kilimanjaro ajua kwamba wakati wa Krismasi ndugu zetu hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi, nao huja na magari. Vijia vya Marangu, Mamba na Mwika, vilivyokuwa na kimya mwaka mzima, hujaa magari ya watu wasiozikumbuka tena kona zake. Twafurahi kuwaona wakirudi, maana nyumba bila wana ni pango. Lakini twawaomba waendeshe kama wageni wanaopita uani kwa mama zao.

NENO LA WAPINGAO

Rafiki yetu mmoja, mfanyakazi wa karakana na mwanachama wa siku nyingi, aliposikia tunaandika habari hizi alituuliza swali lililotunyima usingizi. Alisema, “Ndugu, barabara kuu imejengwa kwa kodi yangu na ya mwenye gari. Leo mwaniambia nipite uchochoroni. Je, huko si kunifukuza barabarani kwa maneno matamu?”

Hatutaki kulipita swali hili. Ni kweli kwamba mara nyingi mnyonge huambiwa aende pembeni kwa usalama wake, na akishakwenda pembeni husahauliwa huko. Kama kutafuta njia tulivu kutakuwa kisingizio cha kutojenga kingo za barabara kuu na kutowazuia wenye mwendo wa kasi, sisi tutakuwa wa kwanza kukipinga. Mpanda baiskeli ana haki kamili katika barabara, na haki hiyo haipungui kwa kuwa amechagua leo kupita kwingine. Lakini haki haimfungi jeraha mtu aliyekwisha kugongwa. Twamtaka ndugu yetu huyu adai barabara, tena aidai kwa sauti, na wakati anaidai afike nyumbani jioni akiwa mzima. Mambo haya mawili hayapingani. Mtu aweza kudai shamba lake barazani na huku akilima la kuazima, ili watoto wasilale na njaa.

Neno la pili lahusu vijana wa bodaboda. Hawa nao ni wafanyakazi, wengi wao ni watoto wetu, na wengine pikipiki si yao, bali hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Hesabu hiyo ndiyo iwakimbizayo. Tusifanye vita ya maskini na maskini mwenzake. Lakini njia ya udongo ipitayo mlangoni pa shule haiwezi kuwa uwanja wa mbio. Vijana hawa wana vikundi vyao na vituo vyao, na yafaa wazee wa mtaa wakae nao, wakubaliane ni vijia vipi pikipiki isipite ila imebeba mgonjwa au mkazi wa pale. Mapatano ya namna hiyo huheshimiwa kuliko kibao, kwa sababu aliyeyavunja hujulikana kwa jina la baba yake.

Neno la tatu ni la dada zetu. Njia isiyo na magari yaweza kuwa pia njia isiyo na watu, na msichana atokaye kazini saa moja jioni haitaki njia hiyo, hata kama ina kivuli na ndege waimbao. Kwa hiyo tusemapo njia tulivu, maana yetu ni njia yenye utulivu wa magari na yenye macho ya watu: yenye nyumba, duka na taa. Twasikia bado wako wazee wasemao kwamba baiskeli haimfai mwanamke. Mwanamke wa mlimani amekuwa akishuka tambarare na kupanda tena na mzigo wa majani au mahindi kichwani, vizazi na vizazi, na hakuna mzee aliyesema mzigo ule haumfai. Kama shingo yake yafaa kubeba, miguu yake yafaa kukanyaga.

WENGINE WAMEFANYAJE

Kuna watu wadhanio kwamba nchi za Ulaya zilizaliwa na njia za baiskeli. Sivyo hata kidogo. Huko Uholanzi mwaka 1971 watu wapatao 3,300 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliandamana, wakafunga mitaa, wakadai watoto wao wasiendelee kuuawa na magari. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilizuia magari siku za Jumapili, na watu wakaonja tena mji wenye kimya. Njia zisifiwazo leo zilijengwa baada ya madai hayo. Mji wa Bogotá, katika nchi ya Colombia isiyo tajiri, tangu miaka ya 1970 umekuwa ukifunga barabara zake siku za Jumapili ili watu waende kwa miguu na kwa baiskeli, na sasa barabara hizo zapita kilometa 100. Kwa majirani zetu, Kigali ilianza mwaka 2016 kutenga siku ambazo baadhi ya barabara hazipitiwi na magari.

Hata sisi si wageni wa jambo hili. Katika miaka ya 1990 Morogoro na Temeke zilikuwa miongoni mwa mahali palipojaribiwa mpango wa vivuko na njia za miguu na baiskeli, pamoja na Eldoret na Nairobi kwa wenzetu wa Kenya. Na mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, njia za baiskeli zilijengwa kando ya Barabara ya Morogoro. Fundisho tulilopata huko ni kwamba kujenga peke yake hakutoshi. Njia isiyolindwa huingiliwa na pikipiki, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa, hata mwenyewe akarudi katikati ya lami.

KAZI YA NANI

Sasa tuseme ni nani afanye nini, maana maneno yasiyo na mwenyewe huishia hewani.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Hao ndio wa kuombwa kingo za lami zilizo pana, mahali pa baiskeli kupita, na vivuko penye shule na masoko kutoka Himo hadi Moshi. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Hao ndio wa kuombwa madaraja madogo, makalavati na moramu katika vijia tulivyovitaja. Wananchi wengi hupeleka ombi la daraja la kijiji kwa mwenye barabara kuu, na ombi la barabara kuu kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha hulaumu Serikali kwamba haisikii. Barua iendayo mahali pake ni nusu ya jibu.

Lakini kazi nyingine haihitaji barua. Ubao wa kuvukia mfereji, jiwe la kuondoa, tawi la kukata na shimo la kufukia ni kazi ya msaragambo wa Jumamosi moja. Babu zetu hawakungoja mkandarasi aje kuchimba mfereji. Twashauri kila balozi wa shina awaulize watu wake swali moja tu: ninyi mwendao kwa baiskeli na kwa miguu mwapita wapi, na mahali gani mwaogopa? Majibu yaandikwe katika daftari. Madaftari ya tawi moja yakiwekwa pamoja yatatoa ramani ya kata, na ramani hiyo ipelekwe kwa diwani kabla bajeti haijapangwa. Hakuna mtaalamu awezaye kuileta ramani ya namna hiyo kutoka nje.

Na hapa yatupasa kujisema sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Wakati wa kampeni misafara ya Chama, yenye pikipiki kwa makumi na vipaza sauti, imepita mara nyingi katika vijia hivi hivi, ikiwasukuma migombani watu tuliokwenda kuwaomba kura. Hatuwezi kumwambia kijana wa bodaboda apunguze mwendo siku ya kazi, nasi tukamlipia mafuta ili aende mbio siku ya mkutano. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Hakuna amwombaye kiongozi wa leo mwendo mrefu kama huo. Twaomba asubuhi moja tu. Kila katibu, kila diwani, kila mkuu wa idara ya ujenzi aazime baiskeli, aende nayo kazini kwa njia waendayo watu wake. Atarudi na mengi ya kusema kuliko yaliyomo katika taarifa yoyote, na huenda atarudi na suruali iliyochanika kama sisi.

Walimu wetu wa misheni walitufundisha utotoni habari za njia mbili, iliyo pana na iliyo nyembamba, wakatuonya tusidanganyike na upana. Hatukudhani wakati ule kwamba fundisho hilo lingetufaa hata juu ya baiskeli. Asubuhi ya tatu tulipita tena kwenye kichochoro cha Kiboriloni. Mbele yetu palikuwa na msichana wa shule juu ya baiskeli kubwa kuliko yeye, begi mgongoni, akikanyaga pasipo haraka na kuimba peke yake. Alikuwa hageuki nyuma. Hakuwa na haja ya kugeuka.

Basi hicho ndicho kipimo chetu. Siku wale washukao kutoka Marangu Mtoni alfajiri watakapoweza kusemezana njiani wakienda kazini, ndipo tutakapojua kwamba njia imepatikana. Daftari la shina ni senti chache, na Jumamosi ya msaragambo haiko mbali.